Skrubu ya Ishirini na Sita

Mwalimu Mukhwana alikuwa ameapa kwamba kompyuta yake haitatoka nje ya nyumba yake ya Bungoma, fundi awe nani, atoke wapi. Alikuwa amesikia habari za mafundi. Unamwachia mashine asubuhi, jioni anakurudishia ganda, matumbo ameshayauza. Anayetaka kuifungua aje aifungue mezani pake, mbele ya macho yake na miwani juu.

Ndiyo sababu Chepkorir, mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta mtaani Matisi, Kitale, alifunga kibanda siku ya Alhamisi, akatia bisibisi zake kwenye mkoba, akaja Bungoma amenuna. Hakupenda kufanya kazi ugenini. Kwake alijua mwanga unaingia upande gani na skrubu ikianguka inakimbilia wapi. Hapa alikuta meza imevikwa kitambaa cha nailoni, juu yake kingine cha kufuma, juu yake tena maua ya plastiki, na katikati, kama maiti inayosubiri wafiwa, laptopu nyeusi iliyoandikwa kwa rangi nyeupe ya mlango: MALI YA MWL. MUKHWANA.

"Hivi vitambaa vyote vitoke, Mwalimu," alisema.

"Kwa nini? Ni safi."

"Si uchafu. Nailoni ina stima ndogo ndogo, ile inakushtua ukivua sweta. Wewe inakutekenya tu, lakini hii mashine inaiua."

Mwalimu aliyaandika hayo kwenye daftari. Alikuwa na daftari la kurasa tisini na sita, kalamu ya buluu na kalamu nyekundu, na tangu fundi aketi hakuwa ameacha kuandika. Chepkorir aliona kazi itakuwa ndefu.

Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na majina elfu tatu mia mbili na kumi na saba. Ndio watoto wote waliowahi kuandikishwa katika shule alikofundisha Mwalimu hadi akastaafu, tangu ilipofunguliwa mwaka wa 1958. Mchwa walikuwa wameingia stoo wakaanza kula rejista, naye akaona uchungu, akakaa mwaka mzima akiyachapa majina kwa kidole kimoja. Alipomaliza, mwalimu mkuu mpya akazichoma rejista zote, ati mchwa wasihamie ofisini. Sasa shule ilikuwa inatimiza miaka hamsini, Jumamosi majina yote yasomwe mbele ya watu, na Jumatatu Mwalimu alikuwa ameibeba mashine kwa bodaboda kuwaonyesha wanakamati. Ilipofika ilikuwa imezima, na tangu hapo haikuwaka.

"Na hukuweka kwa flashi?" Chepkorir aliuliza.

"Flashi ilikuwa ya Phelista, binti yetu. Alirudi nayo chuoni."

"Tangu izime umeifanyia nini?"

Mwalimu alikohoa. Mkewe, Nekoye, ndiye aliyejibu kutoka mlango wa jikoni. "Si aliianika! Kwa jua, kando ya mahindi. Ati imeshikwa na balidi."

Chepkorir alifumba macho, akahesabu hadi tano. Kisha akachomoa betri. Akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia, ili umeme uliobaki ndani uishe. Akavua sweta, akaenda dirishani akashika chuma cha grili, akarudi.

"Grili ni ya nini?" Mwalimu aliuliza, kalamu tayari.

"Namwaga stima ya mwili wangu, Mwalimu."

"Namwaga. Stima. Ya mwili," Mwalimu aliandika.

"Sasa nahitaji trei ya mayai."

Hapo vita vikaanza. Nekoye alikuwa na trei moja tu, nayo ilikuwa na mayai ishirini na mawili ya kwenda sokoni. Alitaka kujua mayai hayo atayaweka wapi, kichwani? Na kompyuta imeanza kutaga lini? Chepkorir alieleza kwamba skrubu za laptopu hazifanani. Nyingine ndefu, nyingine fupi, na ndefu ukiirudisha penye fupi inatoboa bodi. Ndiyo maana kila moja hulazwa kwenye shimo lake, kwa mpangilio. Nekoye akayahamishia mayai kwenye karai, moja moja, akinung'unika kwa Kibukusu maneno ambayo Mwalimu alikataa kuyatafsiri.

Skrubu ya kwanza ikatoka. "Moja," Mwalimu alisema. "Ndefu au fupi?"

"Ndefu."

"Moja. Ndefu. Kona ya kushoto." Akaandika. "Endelea."

Hivyo ndivyo walivyokwenda, skrubu na sentensi, skrubu na sentensi. Fundi akitaka kukaza macho, Mwalimu anaweka kichwa katikati. Akitaka kimya, jirani anapiga hodi kuona "televisheni ndogo" ikifanyiwa operesheni. Chai ililetwa mara mbili ikawekwa kando ya mashine iliyo wazi, na mara mbili Chepkorir akainuka kuipeleka kwenye kabati. "Kunywa bana, mwanangu," Nekoye alisema, "utadhani tumeweka sumu." Skrubu ya kumi na moja kichwa chake kilikuwa kimelika, bisibisi ikawa inazunguka tu. Jasho lilimtoka kabla haijakubali kutoka. Alitamani kibanda chake, alitamani Kitale na baridi yake, alitamani Mwalimu apate usingizi hata wa dakika kumi.

Zipo laptopu ambazo diski unaitoa ubavuni kwa skrubu moja ukaenda zako. Hii ilikuwa ya wale waliochukia mafundi. Diski ilizikwa chini ya kibao unacholazia viganja, na kuifikia lazima utoe kibodi kwanza. Chepkorir aliinyanyua kibodi taratibu, kwa sababu chini yake kuna utepe mwembamba unaochanika ukiwa na haraka, akafungua kilango kidogo, akauachia utepe. Mdudu wa mahindi akatoka akitembea.

"Huyo ni wa kwenu," alimwambia Mwalimu.

Kibao kikatoka. Chini yake, diski ilikuwa imefungwa kwenye fremu ya bati yenye mashimo manne, na shimo moja lilikuwa tupu. Chepkorir aliinama, akamulika kwa tochi ya simu. Skrubu ya shimo hilo alikuja kuiona imelala juu ya bodi, kando ya tundu la umeme, na palipoguswa nayo pameungua pakawa peusi.

Basi hasira zote za siku nzima zikapata mwenyewe.

"Mwalimu, njoo uone ushenzi. Hii kompyuta ilifunguliwa na mtu kabla yangu. Akaangusha skrubu ndani, akafunga juu yake. Imekuwa ikitembea humo mpaka bodaboda ikaitupa mahali pa stima."

"Ala! Kumbe!" Mwalimu alivua miwani. "Tangu nipewe na mwanafunzi wangu wa zamani ilikuwa inalia ndani, cha-cha, cha-cha, kama kayamba. Mimi nilidhani ndivyo zinavyolia."

"Mtu kama huyo si fundi. Ni mchinjaji. Anafaa kunyang'anywa bisibisi apewe jembe!"

"Polepole. Nataka yote." Mwalimu aliandika neno kwa neno, na chini yake akachora mstari wa nukta kutoka ukingo hadi ukingo. Akasoma: "Jina la fundi huyo, nukta nukta. Hii tutajaza. Nikimpata nampeleka kwa chifu."

Chepkorir aliridhika sana na nukta hizo.

Wakati huo wanakamati wawili wa shule wakabisha mlangoni, wametumwa kuuliza kama majina yamepatikana. Mwalimu akatoka nje kuwatuliza. Nekoye alikuwa jikoni. Chepkorir akatoa skrubu tatu zilizobaki za fremu, akaivuta diski, akaigeuza.

Ubavuni mwa fremu kulikuwa na kipande cha karatasi ya gundi, cheupe, kidogo kama ukucha. Kila fundi aliyefunzwa na mzee Kipkemboi pale Kitale alibandika kipande kama hicho ndani ya kila mashine aliyoifungua, na herufi za jina lake na tarehe, ili mteja akirudi na malalamiko ijulikane nani alifanya nini. Hiki kiliandikwa C.K. 11/3/06. Ile K ilikuwa na mkia mrefu.

Mkia ule ulikuwa wake mwenyewe.

Aliketi pale na diski mkononi, masikio yamemwaka moto. Sasa alikumbuka. Jumamosi, stima zimepotea mji mzima, na kijana mmoja wa ofisi ya mbegu, Levi, amesimama mlangoni akimharakisha kwa sababu gari la ofisi linamsubiri. Skrubu ilimponyoka. Aliitikisa mashine mara moja, hakusikia kitu, akasema moyoni, itakuwa chini ya meza, nitaiokota nikifagia. Hakuiokota. Wakati ule mashine haikuwa na rangi nyeupe juu, nazo laptopu nyeusi zimejaa Kitale. Angeijuaje? Kumbe yule mwanafunzi wa Mwalimu ni Levi. Ndiye aliyemzawadia.

Nje, Mwalimu alikuwa anawaambia wanakamati, kwa sauti ya darasani, kwamba fundi huyu wa leo ni tofauti, fundi huyu anahesabu.

Chepkorir alikibandua kile kipande kwa ukucha. Kilitoka vizuri tu, hakikuacha hata alama. Akakitia mfuko wa sketi. Alijichukia, na mkono wake ukaendelea na kazi kama haukuhusika.

Mwalimu aliporudi hakuketi. Chepkorir aliichomeka diski kwenye kisanduku chake chenye waya, waya akautia kwenye laptopu yake mwenyewe. Diski haikunguruma. Kama bodi iliungua, diski nayo ingeweza kuwa imeungua. Alijua hilo kuliko yeyote mle ndani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimwogopa Mwalimu. Nekoye akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Diski ikanguruma. Ikasita. Ikanguruma tena.

Kwenye kioo pakatokea folda, ndani ya folda faili moja, ndani ya faili majina. Walubengo. Nabwile. Wanjala, Wanjala, Wanjala. Mwalimu aliinama hadi pua ikakaribia kioo, akaanza kusoma kwa sauti, mwaka hadi mwaka, na alipofika 1964 akafuta macho kwa nyuma ya mkono.

"Huyu ni mimi," Nekoye alisema, akigusa kioo kwa mwiko. "Niliacha shule nikiwa lasi la tano."

Chepkorir aliyanakili majina kwenye laptopu yake, akayanakili kwenye flashi yake moja, akayanakili kwenye flashi ya pili, akampa Mwalimu zote mbili. Angekuwa na ya tatu angetoa. Mwalimu alizipokea kwa mikono miwili.

"Umeniokoa, msichana wangu. Mungu akubariki." Kisha akavuta daftari, akafunua ukurasa ule. "Sasa kumebaki huyu mtu wa nukta. Nitamuuliza Levi aliipeleka kwa nani. Huko Kitale mafundi si mnajuana?"

Angeweza kusema hajui. Levi alikuwa amehamishwa mbali, na mwenye kukumbuka fundi wa miaka miwili iliyopita ni nani? Alitazama trei, skrubu zimelala kila moja kwenye shimo lake, na ile moja nyeusi aliyoiweka peke yake pembeni. Mashine yote mezani, jina lake pekee ndilo lililokuwa mfukoni.

Akatoa kile kipande cha karatasi, akakiweka juu ya daftari.

Mwalimu alivaa miwani. Alikisoma, akamtazama, akakisoma tena. "C.K.," alisema. "Chepkorir nani?"

"Kimeli. Chepkorir Kimeli. Ni mimi, Mwalimu. Stima zilikuwa zimepotea, nikaharakishwa. Lakini hiyo si sababu. Niliiangusha nikafunga. Nikakibandua hiki ukiwa nje, nisijulikane. Nisamehe."

Nekoye alisema "Uuui!" akaketi.

Chepkorir alingojea kelele, hata kofi la mezani, chochote ambacho angeweza kukijibu. Mwalimu aligeuza daftari likamwelekea fundi, akaweka kalamu ya buluu juu yake, akaonyesha nukta.

"Jaza."

Aliandika jina lake lote, chini ya mchinjaji, chini ya jembe. Halikuwa jina refu, lakini lilichukua muda.

Mwalimu alilisoma. Akachukua kalamu nyekundu, na Chepkorir, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, akajikuta ameficha mikono nyuma. Hakuandika maksi. Aliandika tarehe tu, akatia sahihi, akafunga daftari.

"Hii bodi imeungua. Inatengenezeka?"

"Inabadilishwa. Nitatafuta nyingine, hiyo ni juu yangu. Lakini hapa siwezi, ni kazi ya meza yangu." Akaanza kukusanya bisibisi. "Naelewa ukitafuta fundi mwingine. Mashine umesema haitoki."

"Nilisema haitoki bila kujua inaenda kwa nani," Mwalimu alisema. "Sasa najua."

Akaanza kufunga mwenyewe, polepole: kioo ndani ya taulo, kibodi ndani ya gazeti. Trei aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, akakumbuka, akakitoa, akaifunika kwa karatasi. Juu ya karatasi akaweka daftari.

"Ziko ishirini na sita humo. Zimeandikwa zote, ndefu na fupi. Mashine ikirudi nitaitikisa sikioni. Nataka nisisikie kitu."

"Hutasikia, Mwalimu."

"Na trei yangu," Nekoye alisema. "Mayai yako kwa karai, mwanangu. Usikae nayo."

Walimsindikiza hadi barabarani. Chepkorir alikwenda Kitale ameipakata trei mapajani kwa mikono yote miwili, na kila gari lilipoingia shimo aliinamisha kichwa akahesabu upya, kuanzia moja.