Hodi Isiyokoma

Usiku wa jana niliota nimeingizwa ndani ya kompyuta ya kaka Gwamaka, na huko ndani nikaukuta uwanja wa nyumbani kwetu Tukuyu, umefagiliwa vizuri.

Kaka Gwamaka ni mmoja wa vijana wa ofisi ninayofanyia usafi. Wanatengeneza lugha ya kuiamrisha kompyuta, na yeye kazi yake ni kuijaribu. Ndotoni alikuwa juu, mahali ambapo jua hukaa, anakunywa chai.

"Tumpe, leo tunajaribu mizunguko, amri zinazojirudia zenyewe," alisema. "Amri ni fupi: maadamu hajajibiwa, apige hodi."

"Sawa, kaka."

Sikuuliza zaidi. Nilimsikia mama akikohoa ndani ya nyumba, nikataka kumwona tu.

Napiga hodi. Mlango unanitazama.

"Nani?"

"Mimi Tumpe. Nimekuja kumwona mama."

"Mimi ni mlango tu. Wa kukukaribisha yuko kitandani."

Mama anavuta pumzi. "Kari..." anasema, na mimi niko getini tena. Geti limevaa miwani.

"Umejibiwa?"

"Nimesikia 'kari'."

"Hilo bado si jibu. Kapige hodi."

Napiga hodi. "Kari..." Getini. Napiga hodi. Majirani wanapita na mikungu ya ndizi, wananisalimu, wanazeeka. Mlango umebonyea pale ninapogonga.

"Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, akiona kimya anajiondokea," unaniambia. "Wewe hawajakuwekea tatu?"

"Hawajaniwekea."

"Basi pole, mwanangu. Gonga chini kidogo, hapo juu panauma."

Nikaita, "Kaka Gwamaka, nitoe!"

Akaandika neno moja: Toka. Nikatupwa nje ya uwanja, nikaangukia ofisini, juu ya ndoo yangu ya kudekia. Kabla sijasimama, sakafu ikawa udongo na geti likarekebisha miwani.

"Umejibiwa?"

"Mimi si nimeshatolewa?"

"Umetolewa kwenye mzunguko wa ndani," alisema kaka Gwamaka, akipuliza chai. "Huo umo ndani ya mwingine mkubwa: maadamu mama anaumwa, mtoto aende nyumbani."

"Na huo unaishaje?"

"Mama asipoumwa tena."

"Yaani akipona?"

"Akipona, au vyovyote. Mashine haichagui, Tumpe. Niumalize?"

Nilitazama dirisha la mama. Pazia lilikuwa linapanda na kushuka polepole, kama kifua.

"Hapana, kaka. Niache nizunguke."

"Hata milele?"

"Hata milele."

Akaweka alama ya vema kwenye kioo. "Jaribio limefaulu," akasema, akaenda kuongeza sukari.

Napiga hodi. "Kari..." Getini. Nalia huku natembea, kwa sababu kusimama hakukuandikwa. Napiga hodi.

Simu ndiyo iliyoniamsha. Alikuwa mama mdogo, anayemuuguza mama kule nyumbani.

"Shikamoo, mama mdogo. Mama anaendeleaje?"

"Marahaba. Yupo, ila leo hutaweza kuongea naye. Sauti imemkauka kabisa."

"Imekaukaje? Jana si tuliongea?"

"Hata sisi tunashangaa, mwanangu. Usiku kucha alikuwa anaitikia 'karibu, karibu', na kila nikifungua mlango, hakuna mtu."