Majibu ya Kisima

Moto uliposhika mdomo wa bomba, fundi cherehani alipiga makofi mara moja na kuwageukia majirani waliojaa uani.

"Si niliwaambia? Maji wanayachoma kwanza, ndipo wanayapima. Hata nguo kuukuu ukiipiga pasi inapendeza."

Watu wakacheka. Mpima maji hakucheka wala hakuinua uso. Alikuwa amepiga goti moja kwenye saruji iliyolowa, kitochi cha gesi mkononi, akihesabu kimoyomoyo. Mdomo wa bomba huchomwa ili uchafu wa nje, wa mikono na ndoo na midomo ya kuku, usiingie kwenye chupa na kuyasingizia maji. Alikuwa ameyaeleza hayo kwa miaka kumi na tisa, kwenye nyua zisizo na idadi, na bado hajakutana na mtu aliyemwamini.

"Nachoma chuma, fundi," alisema. "Maji yenyewe bado yako chini huko. Moto wangu hauna mkono mrefu hivyo."

"Na huo unga uliomo ndani ya chupa yako? Nao ni wa kuchomea chuma?"

"Unazuia dawa iliyotiwa kwenye maji ya bomba isiendelee kufanya kazi njiani. Nataka yafike maabara kama yalivyo hapa."

"Haya, unga huo, moto huo," fundi akasema. "Bado manukato."

Kwenye nyumba nyingine yoyote mpima maji angemaliza kazi yake, angefunga sanduku lake la barafu na kuwaachia maneno yao. Lakini ua huu ulikuwa wa marehemu kaka yake. Zahanati ilikuwa imeandika watoto kumi na mmoja wa kuhara ndani ya juma moja, wote wa barabara hii, na ofisi ikamtuma achukue maji ya kila nyumba, ya bomba na ya kisima. Alianzia mwisho wa barabara, na hii akaiacha ya mwisho kwa makusudi, kwa sababu tangu msiba yeye na wifi yake walikuwa wakisalimiana kama watu wa foleni moja. Alipofika ndipo akaambiwa kwamba mtoto wa kumi na moja ni wa hapa.

Binti huyo wa miaka minne alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango. Kutoka pale bombani mpima maji, shangazi yake, aliziona nyayo zake mbili, zimetulia mno. Alipoingia kumwona alikuwa amemfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, na ngozi ikachelewa kurudi. Mtoto alilia, lakini machozi hayakutoka. Mpima maji aliogopa, na kuogopa huko hakukumtoka tena asubuhi ile.

Zahanati ilikuwa imempa mama yake pakiti za chumvi za kuchanganya na maji, pamoja na maneno machache: kijiko baada ya kijiko, mchana kutwa, na akizidi kulegea mrudishe mbio. Pakiti ya kwanza ilikuwa tayari imechanwa ikingoja mezani. Kilichobaki ni maji ya kuichanganyia, na wifi alikwisha kuteka ndoo nzima kisimani.

Mpima maji alizima kitochi, akafungua bomba. Yakatoka maji yenye weupe mzito kama maziwa.

"Ala!" Fundi aliruka nyuma kama aliyeona nyoka. "Na hayo mnatuambia tunywe?"

"Ni hewa. Jumatatu walikata bomba la barabarani kulitengeneza, hewa ikaingia. Tazama."

Aliinua bilauri juu ya kichwa chake. Weupe ulianza kupanda taratibu, chini kukabaki safi, kisha katikati, mwisho ukaishia juu kabisa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema "Mh," na hiyo "mh" haikuwa ya kukubali. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na jagi tupu mkononi, macho yamemwiva kwa kukesha.

"Yalianza mchezo huo Jumatatu," wifi alisema. "Na watoto wameanza kuumwa Jumatatu hiyo hiyo. Mwanangu hanywi ya bomba hapa nyumbani, tunapigia deki tu. Ila shuleni wanawapa."

Hilo halikuwa neno la kupuuza, na mpima maji hakulipuuza. Bomba likikatwa, uchafu unaweza kuingia. Ndiyo maana yupo. Alifungua mfuko wa ngozi uliokuwa sandukuni, akatoa vichupa viwili vya kioo, kila kimoja na urefu wa kidole cha kati. Kimoja akakijaza maji ya bomba, cha pili maji ya ndoo ya kisima. Akatia kidonge kidogo katika kila kimoja bila kukigusa kwa vidole, akafunika, akatikisa.

Majirani walisogea.

Maji ya bomba yakageuka waridi. Yalianza kidogo, kisha yakakolea, kama maji yaliyosuuzia kitambaa chekundu kipya. Ya kisima hayakubadilika hata chembe. Mpima maji alishusha pumzi kwa ajili ya bomba, kisha akatazama kile kichupa kingine, akaigeukia ndoo ya kisima.

"Damu!" mtu alisema nyuma.

"Sumu hiyo! Imejitokeza yenyewe!"

"Hapana, sikilizeni," mpima maji alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Hiyo rangi ndiyo nzuri. Inaonyesha dawa ya kuua vijidudu bado imo. Haya mengine hayana kitu cha kuyalinda. Chochote kikiingia, kinabaki."

Fundi alishika kiuno. "Kwa hiyo yaliyobadilika ndiyo mazuri, na yaliyotulia ndiyo mabaya. Jamani, sisi tulisoma shule gani?"

Safari hii walicheka kwa sauti, kicheko cha watu waliopata nafuu. Walitaka kuona kwa macho, na wameona. Wifi hakucheka. Alikuja moja kwa moja, akachota jagi la maji ya kisima kutoka kwenye ndoo, akageuka kurudi ndani.

"Wifi, subiri."

"Nimeona mwenyewe. Wewe ndiye uliyenionyesha."

Mpima maji aliinuka, akamkuta kizingitini, akamshika mkono wenye jagi. Maji yakamwagika miguuni pao wote wawili.

"Niachie mkono."

"Chemsha basi. Nakuomba, yachemshe tu kwanza."

"Maji yaliyotoka moyoni mwa ardhi yanachemshwa? Mwaka wa nne huu tunayanywa. Na gesi imeisha tangu jana, na yeye ametapika mara sita." Sauti ya wifi ilikuwa ya chini, na hiyo ilitisha kuliko kelele. "Haya, sema. Simama hapa useme mbele ya watu: 'Kisima cha kaka yangu ni kichafu.'"

Kazi ilikuwa imemfundisha mpima maji asiseme jambo ambalo chupa haijasema. Kidonge kinajua kama dawa imo au haimo, basi. Uchafu wenyewe unaonekana maabara tu, baada ya maji kukaa kwenye joto usiku kucha.

"Sijui," alisema. "Majibu ni kesho, saa kama hizi."

"Kesho!" Wifi alimtazama kana kwamba amemtemea mate. "Mwanangu anaumwa leo, wewe unaniletea kesho. Kaka yako alichimba mita tisa kwa mikono yake. Alirudi kutoka kazini kila jioni akashuka shimoni. Kucha zilimtoka. Leo unakuja na kisanduku chako uniambie alituchimbia ugonjwa?"

Ndani mtoto alitoa sauti nyembamba, kisha akatulia. Wote wawili waligeuza shingo. Mpima maji hakuuachia ule mkono, lakini macho yake yalitafuta msaada popote, na yakatua juu ya ukuta wa nyuma. Kulikuwa na bomba la plastiki lililochomoza upande wa pili, jipya, limepakwa chokaa. Mara ya mwisho alipokuja halikuwepo.

"Fundi, kile pale ni nini?"

"Choo changu." Fundi alijinyoosha. Hakuna kitu alichopenda kuulizwa kama hicho. "Nimekichimba mwanzoni mwa mwaka. Nenda ukaone mwenyewe, huwezi kusikia hata harufu."

"Kina urefu gani kwenda chini?"

"Mita tisa! Mimi sifanyi mambo nusunusu. Nilimwambia mchimbaji, nenda mpaka ukute ubichi."

Mpima maji alimwachia wifi. Alikwenda mpaka kwenye mdomo wa kisima, akageuka, akaanza kutembea kuelekea ukutani, hatua moja moja, akihesabu kwa sauti. Ardhi ilikuwa inapanda, aliisikia magotini. Kufika hatua ya nane fundi alikuwa bado anaeleza habari za matofali. Ya tisa. Ya kumi. Ya kumi na moja, na kiganja chake kikagusa ukuta. Nyuma yake fundi alikatisha sentensi katikati na hakuimalizia.

Choo kilikuwa juu, kisima chini, na kati yao hatua kumi na moja tu. Yule mama mwenye mtoto mgongoni, ambaye wiki nzima, kama majirani wengine, amekuwa akija kuteka hapa kukwepa harufu ya dawa ya bomba, aliinua ndoo yake akaimwaga palepale. Fundi alivua kofia. Watoto wawili kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wajukuu wake.

"Mimi sikujua," alisema. "Wallahi dada, sikujua."

Mpima maji alirudi kwa wifi yake. Alijua sasa kwamba hesabu ya hatua isingetosha. Mtu haachi maji ya mumewe kwa sababu ya hatua. Lilibaki jambo moja tu la kusema, na angelipa chochote asilitamke.

"Kaka hakukosea," alisema. "Kisima kilikuwa safi. Nilikipima."

"Lini?"

"Wiki ile alipokimaliza. Aliingia kuoga, mimi nikajaza chupa nikaificha kwenye mkoba. Majibu yalitoka hayana doa. Katika visima vyote nilivyowahi kupima sijaona maji kama yale."

Wifi aliliweka jagi chini. "Hakuniambia."

"Hakujua. Sikumwambia."

Unajua jinsi ndugu wanavyokuwa. Kaka mtu alikuwa akisema maji ya bomba yananuka dawa kama wodi; dada mtu alikuwa akija kula kwake na chupa yake mwenyewe ya maji ya bomba, na kaka akiinusa hujiangusha kitini kama aliyezirai, watoto wakafa kwa kicheko. Kumpelekea karatasi ile ya majibu kungekuwa kumpa ushindi wa maisha. Angeibandika ukutani. Angemsomea kila sikukuu.

"Nilisema nitamwambia siku nyingine," alisema. "Nikamwacha angoje kidogo. Nilitaka tu angoje kidogo. Kisha gari likamgonga."

Wifi alipozungumza hakuwa na hasira tena, na mpima maji angependa hasira.

"Alikuwa akiniuliza," wifi alisema. "Mara nyingi tu. 'Hivi dada atakuja lini kunipimia kisima changu?' Nikimwambia, si umwombe? Anasema, hapana, aone mwenyewe. Alikuwa anaogopa kukuomba. Mpaka anakufa alikuwa na wasiwasi na maji yake."

Machozi yalimtoka mpima maji mbele ya watu wa barabara nzima, akiwa na sare ya ofisi, na hakuyafuta.

Wifi aliokota jagi. Alilimwaga, akalisuuza bombani mara tatu, mara ya nne akalijaza. Akaingia ndani bila kumwambia mtu afuate, na bila kufunga mlango.

Mpima maji alifuata. Chumvi ilikuwa tayari imeshakorogwa. Wifi alimpakata mtoto, akamtegemeza kichwa kwenye kiwiko, akampa kijiko cha kwanza. Mtoto alikimeza kwa pupa ya kiu. Cha pili. Cha tatu kikatoka nusu pembeni mwa mdomo, mama akakipangusa kwa kidole. Shangazi alipiga magoti upande wa pili wa mkeka. Nje, fundi alikuwa akiwaambia watu kitu kwa sauti ndogo isiyo yake.

Kijiko cha nne kilipokaribia, mtoto aliugeuza uso.

"Yananuka," alisema.

"Kunywa, mama. Kidogo tu."

"Sitaki haya. Nataka ya baba."

Wifi alikishikilia kijiko palepale. Kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni. Mpima maji aliweka kiganja chake chini ya kijiko, karibu kabisa bila kukigusa, ili hata tone lisipotee. Wakakaa hivyo, wanawake wawili, wakiitazama midomo ya mtoto iliyofumbwa.