Mashine Iliyomshinda Désiré

Mashine ya kufulia ilikuwa inavuja kwa wiki tatu, tangu iingie nyumbani, na mimi nilikuwa nimechoka kuinama. Kila nikifua ni yale yale: napakia taulo za saluni, nabonyeza kitufe, nageuka kumenya viazi, na nikirudi nakuta maji yametambaa hadi mlango wa jikoni. Nachukua tambara, napiga magoti. Mtu anayesimama wiki nzima mjini akisuka vichwa vya watu hapaswi kupiga magoti isipokuwa kanisani.

Mume wangu Désiré aliipata mashine hiyo Morningside, anakolinda magari kwenye maegesho. Mama mmoja alikuwa anahama, akamwambia aichukue. Kule kwetu Kolwezi Désiré alikuwa fundi wa pampu za mgodini, miaka kumi na moja. Tangu tufike Durban mwaka juzi hajashika pampu. Kazi yake ni kuwapungia mkono wenye magari na kuwaonyesha pa kuegesha. Kwa hiyo mashine ilipoanza kuvuja nilimwona anafurahi, na furaha yake ikaniudhi.

Sikatai, aliifanya kazi kama fundi. Aliivuta kutoka ukutani, akatandika magazeti makavu chini yake, moja kila pembe, akachuchumaa na tochi aone lipi litalowa kwanza, na lini: maji yakiingia, mashine ikizunguka, au maji yakitoka. Wiki ya kwanza likalowa la nyuma. Mpira wa kuingizia maji ulikuwa umechakaa pale unapofungwa, akaubadilisha. Wiki ya pili akakuta ufa mdogo kwenye mpira wa mlango, akauziba. Ya tatu ilikuwa kibano cha mpira wa kutolea maji, kimelegea, akakikaza. Kila alipomaliza aliiendesha tupu, mwanzo hadi mwisho, kisha akaniita nipapase magazeti.

"Iko mukavu, Mama Larissa. Gusa."

Nagusa, kweli makavu. Halafu naweka taulo zangu na jikoni kunafurika tena.

Jumatano iliyopita jioni Ambokile alipanda kwetu. Ni Mtanzania wa ghorofa ya chini, kazi yake iko Umbilo kwenye karakana ya friji na mashine za kufulia. Alileta habari njema: bosi wake anatafuta fundi mwingine, Désiré aende Jumatatu akajaribiwe. Mimi nilikuwa sakafuni na tambara langu, kitenge kimelowa. Sikuinua hata kichwa.

"Mashine ya nyumbani imemushinda," nikasema, "za watu ataziweza?"

Nimesema maneno mengi mabaya katika ndoa hii, lakini mengi niliyasema tukiwa wawili. Ambokile alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta pa kutokea. Désiré hakucheka. Akasema, "Ambia bosi asiningoje. Hii mikono imesahau." Akaenda kulala, na jua lilikuwa bado halijazama.

Leo Jumapili alitoka mapema kwenda zamu. Nikapakia taulo. Alikuwa ameniwekea kikopo cha kupimia sabuni, nami nikamimina kikopo chake kimoja, halafu kama kawaida yangu nikaongeza konzi mbili za sabuni ile ile ya unga tunayofulia kwenye beseni. Taulo za saluni zina mafuta na dawa za nywele, na mimi nimekulia kwa mama aliyeamini kwamba nguo isiyotoa povu haijafuliwa. Sikuwahi kumwambia Désiré. Nani anamweleza mume wake habari za sabuni?

Safari hii sikumenya viazi. Niligeuza ndoo, nikakaa mbele ya mashine kwa hasira, nione kwa macho yangu inanionea vipi. Maji yakaingia: chini pakavu. Ikaanza kuzunguka. Baada ya robo saa povu likajaa mlangoni hata taulo zisionekane. Kisha likatokea juu, kwenye droo ya sabuni, taratibu, kama uji unaopanda sufuriani. Likateremka ubavuni, likaingia chini ya mashine, na huko likawa maji. Hakukuwa na mpira uliopasuka wala kibano kilicholegea. Ulikuwa mkono wangu.

Nikaizima. Nikashuka kwa Ambokile.

"Shemeji, mwambie bosi Désiré anakuja kesho."

Akakuna shingo. "Shemeji, nilishamfikishia ujumbe Alhamisi. Kapata mtu mwingine, na ameshaanza. Pole sana."

Nilipanda ngazi tena, na sitadanganya, nilifikiria kunyamaza. Kazi imekwenda, kumwambia Désiré kungeleta nini zaidi ya aibu yangu? Ningepunguza sabuni kimyakimya, sakafu ingekauka, naye angedhani ni bahati. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba uongo huo ulinivuta kama kitanda.

Alirudi saa kumi, akavua viatu mlangoni. Nikamwambia yote kabla hajakaa: konzi mbili, povu, droo, Ambokile, kazi iliyochukuliwa na mwingine.

"Unisamehe, Papa Larissa. Ni mimi."

Afadhali angenifokea. Badala yake alikwenda kwenye mashine, akachuchumaa, akapeleka mkono nyuma yake.

"Ile mpira ya nyuma, nilifunga muzuri?"

"Muzuri."

"Na ya mulango?"

"Haitoki hata tone."

"Na kibano?"

"Yote, Papa Larissa. Kazi ulikuwa umeimaliza."

Akaivuta droo ya sabuni, akafuta povu kwa kidole. Kisha akasema, "Kamwite Ambokile."

"Kazi imeshakwenda, nimekuambia."

"Si juu ya kazi. Ile neno ulisema mbele yake. Na hii utasema mbele yake."

Miguu iliniuma, na sakafu ilikuwa bado na maji. Nikavaa kandambili, nikashuka ngazi kwa mara ya pili.