Sampuli ya Upande wa Kwanza

Mama yangu ana kiburi, hilo halina ubishi. Enzi zake aliimba jazi, albamu yake ya kwanza ikampa jina, na tangu hapo akajiona malkia. Huu mwaka wa pili sasa, nikimwita kutoka jikoni haitikii. Nikimpigia simu, hapokei. Nami nikamnunia. Nikimsemesha, ni neno la lazima tu, tena nimempa kisogo.

Kampuni ilipoamua kuitoa upya albamu hiyo kwa santuri, ilitaka mama asikilize sampuli kabla nakala nyingine hazijatengenezwa. Akiridhika, atie sahihi. Nilimpeleka studio shingo upande.

"Karibu, mama," fundi sauti akasema. "Ukisikia mkwaruzo wowote, nyoosha mkono. Usinionee haya."

"Weka wimbo, mwanangu. Maneno mengi ya nini?"

Fundi akashusha sindano. Mama alifumba macho, akawa anapigapiga goti kwa kidole. Sauti yake ya usichana ikajaa chumbani, na hasira zangu zikaanza kuniisha, nipende nisipende. Wimbo wa tatu ulikuwa na mkwaruzo mbaya, kama mtu anachana gazeti. Fundi akamtazama mama. Mama hakunyoosha mkono. Nikajiambia, huyu mawazo yake yako mbali.

Upande wa kwanza ukaisha. Fundi akainua sindano, spika zikanyamaza. Kidole cha mama kikaendelea kupiga goti, polepole, na midomo yake ikifuatisha maneno.

Fundi akanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze. Miaka miwili nimemnunia mtu asiyesikia! Alikuwa akitazama midomo yetu na kubahatisha, na mimi nikimgeuzia mgongo. Naye aliona heri niseme ana kiburi kuliko niseme ni kiziwi.

Mama akafumbua macho, akaiona sindano iko juu. Kidole kikakoma. Akamtazama fundi, kisha mimi, akajua tumeshajua.

"Nimeimba vizuri?" akaniuliza, kwa sauti kubwa mno kwa chumba kile kidogo.

Maishani mwake hajawahi kumwuliza mtu swali hilo. Nilipiga magoti mbele yake, uso kwa uso, nikamjibu. Lakini midomo yangu ilikuwa inatetemeka, hakuambulia hata neno moja.