Mkebe wa Kifuniko cha Buluu

Godoro la Koki lilikuwa limekwisha kupanda lori. Lilikunjwa mara mbili likafungwa kwa kamba ya kuanikia nguo, na juu yake Mativo akaweka jiko, ndoo mbili na sanduku la bati. Kilichobaki chini kilikuwa mfuko mmoja na Koki mwenyewe, aliyepiga magoti kwenye sakafu ya saluni akitafuta kiatu cha pili.

Wanza, dada yake mkubwa na mwenye saluni, alisimama mlangoni na kikombe cha chai alichommiminia mdogo wake. Chai ilikuwa imepoa. Hakuna aliyeiomba.

"Twende kabla jua halijapanda," Mativo akasema kutoka kwenye usukani. Huyo ndiye kaka yao. Alileta mizigo ya mwajiri wake Nairobi, na leo lori lilikuwa linarudi tupu kwao, mji wa Mwingi. "Mwingi si hapo Jogoo Road."

Wanza alijua muda aliobakiwa nao ni ule wa kutafuta kiatu. Kama alikuwa na neno la kusema, alipaswa kulisema sasa, kabla Koki hajapanda lori na kwenda zake akiitwa mtu aliyeunguza kichwa cha bibi harusi. Neno lenyewe halikuwa refu. Alikuwa nalo mdomoni wiki nzima, na kila asubuhi alilimeza pamoja na chai.

Saluni ilikuwa kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba za reli, Makongeni. Wengine walisuka vizuri kumshinda Wanza, na yeye hakubisha. Sifa yake ilikuwa nywele fupi. Wanawake wa viwandani, makarani, walimu, watu wanaoamka saa kumi alfajiri na hawana nafasi ya kukaa mchana mzima wakisukwa, walikuja kwake akawapunguza nywele zikabaki za urefu wa kidole, kisha akawapaka dawa laini. Dawa hiyo hainyooshi. Hulegeza tu. Nywele zinabaki na mikunjo yake, ila kitana kinapita bila vita, na asubuhi mtu anazilowesha, anapitisha vidole, anakwenda kazini. Wengine waliiita teksharaiza. Wengi waliiita "ile ya buluu", kwa sababu ya kifuniko cha mkebe.

Miaka minne nyuma ile ya buluu iliadimika madukani. Wanza alingoja wiki mbili, akaona wateja wanaanza kuulizia saluni nyingine. Akanunua dawa kali, ile ya kunyoosha nywele sugu, yenye kifuniko chekundu, akaichota kwa mwiko wa mbao na kuujaza mkebe wa buluu. Hakumwambia mtu.

Na hakuna aliyeumia. Dawa laini hukaa kichwani dakika kumi. Ile kali Wanza aliipa tatu. Saa hakuitazama. Alianzia kisogoni akapanda, huku akimsimulia mteja kisa chake cha mzee wa reli aliyeiba kuku wa jirani akamtia kwenye mfuko wa kazi. Kisa kilipofika pale kuku anapolia mbele ya bosi, Wanza aliuliza, "Inatekenya?" Mteja akisema kidogo, kichwa kilikuwa tayari ndani ya sinki. Ile ya buluu iliporudi madukani hakuinunua tena. Ile kali ilishika upesi, na wateja walikuwa wamekwisha kuanza kusema kwamba mkono wa Mama Mutunga, ndivyo walivyomwita Wanza, una kitu, kwamba dawa ni moja mji mzima lakini kwake inakubali. Alipenda kusikia hivyo. Basi.

Koki alikuja baadaye, ndoa yake ya Komarock ilipovunjika, na Wanza ndiye aliyemfundisha kazi tangu kushika kitana. Alimfundisha kupaka mafuta kwenye ukingo wa uso ili dawa isiume ngozi. Alimfundisha kuvaa glavu na kutoshika simu akiwa nazo. Alimfundisha kusoma mkebe na kuutii. Lakini ile ya buluu alipaka mwenyewe.

"Kwani mimi sina mikono?" Koki alimwuliza siku moja.

"Unayo. Ila wateja wamenizoea."

Sundus alikuwa mmoja wa hao. Ni binti wa Lela, mwenye duka la vitambaa lililotazamana na saluni. Alikuwa akifungasha madawa kwenye ghala moja Industrial Area, kichwa kimefunikwa ushungi na kofia ya kazi juu yake kutwa nzima, na hakutaka nywele za kumsumbua. Safari hii alitaka zipendeze kupita kawaida. Alikuwa anaolewa baada ya wiki mbili. Wanaume hawataziona, ni kweli, lakini kwa kina Sundus kuna siku ya kupambwa: bibi harusi anakalishwa kichwa wazi na wanawake wa pande zote mbili wanamtazama. Mawifi ndio wanaotazama zaidi.

Alikuja Jumanne, Wanza akiwa Gikomba kununua nyuzi za kusukia. Koki akapiga simu.

"Dada, Sundus yuko hapa. Anaingia zamu saa nane, hawezi kungoja. Nimwambie arudi kesho?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya soko, mwenye nyuzi anamwekea Wanza rangi hii na ile usoni, na watu wanapita na magunia wakipiga kelele ya kuomba njia.

"Mpake tu," akasema. "Kwani mkebe huujui?"

Alikuwa amekwisha kufungiwa mzigo na kuuweka begani alipokumbuka. Alisimama katikati ya matope, mtu wa mkokoteni akamtukana. Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Simu ya Koki ilikuwa inalia ndani ya mfuko wa aproni, na Koki ana glavu mikononi, na mtu mwenye glavu za dawa hashiki simu. Wanza alipiga mara tisa.

Kule saluni, Sundus alisema inachoma dakika ya nne. Koki akageuza mkebe akausoma. Dakika kumi. "Vumilia kidogo, bibi harusi. Ni hapo kisogoni inashika." Dakika ya sita Sundus alikuwa ameng'ang'ania kiti kwa mikono miwili. Ya saba hakungoja mtu, alikimbilia sinki mwenyewe. Koki alimwaga maji yote yaliyokuwepo na shampuu ya kukata dawa mara tatu. Nywele zikatoka pamoja na povu, na nyuma ya sikio la kushoto ikatoka na ngozi.

Jioni Lela aliingia saluni. Wanza alikuwa amerudi, mzigo wake wa nyuzi bado haujafunguliwa.

"Nani alimpaka mwanangu?"

"Mimi sikuwepo, Mama Sundus," Wanza akasema. "Nilikuwa Gikomba."

"Sikukuuliza ulikuwa wapi."

"Ni mimi," Koki akasema. Alikuwa analia tangu mchana na macho yalikuwa yamevimba. "Ni mimi nilimpaka. Nilifuata mkebe."

Lela alivaa miwani, akauchukua mkebe, akausoma wote mpaka jina la mji ulikotengenezwa. "Hapa wanasema dakika kumi. Ulimweka ngapi?"

"Hazikufika saba."

"Dawa ya dakika kumi, ukae nayo saba, utoke ngozi? Koki, nitazame. Mimi nafanana na mtu wa kudanganywa?"

"Wallahi, Mama Sundus."

"Usiniapie kwa dini isiyokuwa yako." Lela akauweka mkebe juu ya meza taratibu, akamgeukia Wanza. "Mama Mutunga, wewe ndiwe fundi. Miaka yote hii unampaka mwanangu, hajarudi nyumbani hata na chunusi. Niambie wewe nitaamini. Ni dawa, au ni mtu?"

Wanza aliutazama mkebe. Aliona kifuniko, na mwiko wa mbao pembeni, na kioo ambacho wanawake wa Makongeni wamejitazama ndani yake wakimsifu.

"Dawa ni ile ile," akasema. "Ile ile ya siku zote."

"Basi ni mtu."

Angeweza kunyamaza hapo. Lakini Koki alikuwa amemtazama, na macho yale ndiyo yaliyomfanya aongeze: "Koki naye ana mazoea ya simu."



"Siendi polisi," Lela akasema. "Tumeombana chumvi miaka kumi na minane, siwezi. Lakini huyu asiguse kichwa cha mtu tena mtaa huu. Nikisikia amegusa hata cha mtoto, nitasimama pale bombani niwatangazie watu."

Hakuhitaji kutangaza. Siku tatu baadaye mwanamke aliyetaka kusukwa tu alikaa kitini, akamwona Koki anachukua kitana, akainuka. "Nitamngoja mwenyewe, madam." Kesho yake wawili. Fundi wa saluni ya pili alimwita Koki "Madam Moto" kutoka ng'ambo ya njia, na wasichana wakacheka. Siku ya saba Koki alimpigia kaka yao simu.

Sasa kiatu kilikuwa kimepatikana, nyuma ya pipa la maji. Koki alikaa kwenye benchi kukivaa.

"Mama Mutunga," akasema.

Wanza alishtuka. Wateja ndio walimwita hivyo. Koki alikuwa akimwita dada tangu ajue kusema.

"Zile simu tisa."

"Simu zipi?"

"Za siku ile. Umeniambia mpake tu, kwani mkebe huujui. Halafu unanipigia mara tisa. Za nini?"

"Nilitaka..." Wanza akahamisha kikombe mkono. "Nilitaka kukuambia uanue nguo. Mvua ilikuwa nyingi."

Koki alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Mvua ya Gikomba inilowanishie nguo Makongeni."

Akakunja mkono wa sweta. Kwenye ngozi laini ya ndani ya kiwiko kulikuwa na alama mbili nyekundu, moja kando ya nyingine, kila moja upana wa kidole gumba.

"Usiku ule ule nilipaka. Hapa ya mkebe wa buluu. Hapa ya mkebe mwekundu, ule wa kunyoosha nywele sugu. Nikahesabu dakika saba. Haya, wewe ndiwe fundi. Nionyeshe ipi ni ipi."

Wanza hakuweza kuonyesha. Zilikuwa sawa.

"Ulijua," akasema kwa sauti ya chini. "Kwa nini hukumwambia Mama Sundus?"

"Nani angeniamini? Mkebe unasema laini na mwenye saluni anasema dawa ni ile ile." Koki akafunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. "Na nilikuwa nakungoja. Siku ya kwanza nikasema ameshtuka, mwache atulie. Ya pili, ya tatu. Nimekungoja mpaka leo, dada."

Injini ya lori ikawaka.

"Bado sijapanda," Koki akasema. "Duka lake liko wazi, yule pale anakunja vitambaa. Ni hatua ishirini. Nenda umwambie, mimi nashusha godoro."

Wanza alilitazama duka. Lela alikuwa mlangoni, ana kitambaa cha kijani mikononi, anakipima kwa urefu wa mkono wake. Hatua hazikufika hata ishirini. Wanza akaweka kikombe dirishani. Akafuta mikono kwenye leso yake. Akavuka kizingiti.

"Sasa, Mama Mutunga!" Mwanamke mmoja, karani aliyezoea kuja kila baada ya miezi miwili, alikuwa anatoka upande wa barabara akivua kitambaa cha kichwa. "Umefungua mapema, Mungu ni nani! Nipake ile ya buluu haraka haraka, niko na mkutano. Mkono wako tu ndio najua."

Wanza alisimama pale, mguu mmoja nje na mmoja ndani.

"Nina mteja," akamwambia Koki.

Koki alimtazama kidogo, kama mtu anayehakikisha nambari ya nyumba. Kisha akavua aproni aliyokuwa bado ameivaa kwa mazoea, akaitundika kwenye msumari wake, akabeba mfuko. Mativo alimfungulia mlango wa lori. Walipopita mbele ya duka, Lela aligeuka akarudi ndani ili asiwapungie mkono.

Sundus aliolewa siku iliyopangwa. Siku ya kupambwa alikaa kichwa kimefunikwa, mama yake akawaambia mawifi kwamba ana homa ya kichwa, na wifi mkubwa akanyanyua pembe ya ushungi akaona. Sundus alipewa jina ambalo linatumika ukweni mpaka sasa. Nywele zimeota tena, isipokuwa nyuma ya sikio la kushoto.

Lela anauza vitambaa pale pale. Anamsalimia Wanza asubuhi na jioni, anamtumia sahani ya biriani kila Idi, na anawaambia watu kwamba yule mwenye saluni ni mwanamke mkweli, alimtaja hata ndugu yake wa damu.

Mativo bado anaendesha lori. Akipita Makongeni hupiga honi, hasimami.

Koki yuko Mwingi. Anauza ndengu na mahindi sokoni. Saluni ya huko ilimkubali mwezi mmoja, mpaka mtu wa Nairobi alipokwenda kumsalimia shangazi yake akamtambua. Hapigi simu kwa dada yake, na akipigiwa hashiki.

Wanza bado ana saluni. Wateja wameongezeka. Mkebe wa buluu umechakaa, maandishi yamefutika kwa kushikwashikwa, lakini kifuniko ni kile kile, na kila mkebe mwekundu ukinunuliwa humiminwa humo. Anapaka peke yake. Kisa cha mzee wa kuku amekiacha. Siku hizi anahesabu kimya, na akifika mia moja na themanini anaosha.