Kati ya Kidzini na Mwembeshoka

Salem alifika mtaa wa Kuze, Mombasa, Jumatatu baada ya alasiri, kanzu imepigwa pasi, uso umejaa unyenyekevu. Alhamisi alikuwa anasafiri kwenda Hija, na mwenye kwenda Hija hapandi ndege mpaka apite nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Nyumba ya binamu yake Mwanakuu aliiweka ya mwisho. Mwoga tu, huyo.

Mwanakuu alimkaribisha, akammiminia kahawa. Miaka sita alikuwa akiingoja siku hii, na moyo ulimdunda kwa raha. Salem ndiye aliyetia sahihi, kwa niaba ya ukoo, kwamba shamba lao la bara halina kaburi hata moja. Kwa karatasi ile ikapita barabara baina ya Kidzini na Mwembeshoka, barabara ya kilomita nne tu, ambayo hata madereva wengi wa Mombasa hawaijui. Mwanakuu aliporudi kutoka Maskati alikokuwa akifanya kazi, alikuta lami. Chini ya lami hiyo alilala Mona, binti yake wa pekee, aliyekufa na miaka saba.

"Nisamehe, dadangu," Salem alisema, macho mkekani. Alijua vizuri kwamba dhuluma hii hakuna wa kuisamehe ila Mwanakuu, na bila ya neno lake angeizunguka Kaaba na mzigo wake mgongoni.

"Nioneshe alipolala mwanangu," Mwanakuu alimjibu. "Papo hapo n'takusamehe."

Wakaenda kwa gari la Salem. Barabara ile ina uzio pande zote mbili na kusimama ni marufuku. Ukiingilia Kidzini huna budi kutokea Mwembeshoka. Safari ya kwanza Salem alikodoa macho tu. Wakageuza. Ya pili, akanyoosha kidole kwenye nguzo ya taa, akaapa kuwa ni pale.

"Si hapo," alisema Mwanakuu. "Geuza."

Waliipita barabara ile mara kumi na moja. Salem alitaja daraja, akataja mtaro, akataja kibao cha mwendo. Kila mara aliambiwa si hapo. Mwisho akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake. Mwanakuu alijiegemeza kitini, akastarehe.

Lakini kila walipopita, naye alikuwa akitafuta. Mkwaju uliokuwa kando ya kaburi ulikuwa umeng'olewa, kilima kimekatwa, bonde limejazwa. Huenda ile nguzo ya kwanza ndiyo hasa. Hakujua. Hata hilo Salem alikuwa amemnyang'anya, na chuki ikampanda upya.

Walipotokea Mwembeshoka, Salem aliegesha gari, akamsihi Mwanakuu aseme yeye basi, ni wapi.

Mwanakuu alijifunga buibui vizuri.

"Nenda ukahiji, Salem. Ukirudi unipitie, tuje tutafute tena."