Uhamisho wa Bibi Harusi

Mwalimu Mkuu alikuwa na mwaka wa nne tangu astaafu, ila habari hizo zilikuwa hazijamwingia akilini. Kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi, akachomeka kalamu mfukoni, akatoka nyuma ya nyumba kukagua kuku tisa. Kuku wenyewe hawakuwa wake. Walikuwa wa mkewe, naye mkewe alikuwa kwa binti yao akiuguza goti lililopasuliwa, na angerudi Jumamosi. Kabla ya kuondoka alitoa agizo moja tu: wale wanane wafanye watakavyo, lakini Bibi Harusi amkute mzima.

Bibi Harusi alikuwa mweupe pe, mpole kupita kiasi, wa kupisha wenzake kwenye maji. Mke alimlea jikoni ndani ya boksi la viatu tangu angali kifaranga, na kusema kweli alizungumza naye kuliko alivyozungumza na mumewe. Mwalimu Mkuu hakuona wivu. Aliona tu.

Jumapili wakaanza kumdonoa. Kinara wao alikuwa jike moja jekundu, pande la kuku, ambalo Mwalimu alilipa jina la Kiranja kwa sababu lilitaga kila siku bila kukosa na jioni liliingia bandani la kwanza. Kufika adhuhuri mgongo wa Bibi Harusi haukuwa na manyoya, nyama iko nje.

Sasa, kama kuna jambo Mwalimu Mkuu alilijua nje ndani, ni uonevu. Miaka thelathini na mmoja ya shule si mchezo. Alikuwa na dawa yake, na kwa hesabu zake haikuwahi kushindwa: anayeonewa anahamishwa. Kelele zinakwisha, faili linafungwa, wazazi wanashukuru. Basi akamhamishia Bibi Harusi bafuni, akamwekea maji na pumba, akaandika kwenye daftari tarehe na sababu ya uhamisho.

Jumanne akamrudisha. Lo! Kuku wanane wakamtazama kana kwamba hawajawahi kumwona tangu waanguliwe, halafu wakamwangukia wote kwa pamoja. Mwalimu akamwokoa kwa ufagio, akamrudisha bafuni. Jumatano akajaribu tena, safari hii akitanguliza nasaha fupi mbele ya banda. Nasaha hazikusaidia. Alhamisi asubuhi Bibi Harusi akagoma kula, akajikunyata nyuma ya ndoo, macho yamefumbwa nusu. Hapo Mwalimu Mkuu alishikwa na hofu ya kweli. Aliiona Jumamosi inakuja, mkewe anashuka garini na mkongojo wake, anakwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kabla hata ya salamu. Akampigia simu daktari wa mifugo.

Akaja mwanamke mwenye buti za mpira na begi begani, akasema "Shikamoo, Mwalimu" bila kuuliza kama ndiye. Hilo halikumshangaza, nusu ya mji ilipita mikononi mwake. Daktari akamgeuza kuku huku na huku, akampaka dawa ya zambarau mgongoni, akasema kidonda kitapona, kinachommaliza ni woga. Kisha akauliza ni yupi aliyekuwa akitolewa bandani.

"Huyu," alisema Mwalimu. "Anayedonolewa."

"Kila ukimtoa, akirudi ni mgeni. Anaanza chini upya. Mtoe anayedonoa."

Mwalimu akaeleza kwamba hilo ni gumu kidogo, maana Kiranja ana rekodi nzuri, anataga kila siku, na kumtoa kungevuruga banda zima. Aliyaeleza vizuri, kwa vituo, kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho huku akifunga chupa yake.

"Mimi ulinihamishia Sita B," alisema.

Mwalimu akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, na kesi yote ikamrudia: madaftari yaliyochanwa, sweta lililotumbukizwa chooni, na yule kiranja wa darasa aliyekuwa wa kwanza kila mtihani. Alikumbuka vizuri sana. Ilikuwa mojawapo ya kesi alizopenda kuzisimulia kwenye semina. Akasema kwamba baada ya uhamisho ule hakusikia malalamiko tena.

"Sikulalamika tena," alisema daktari. "Nilikuwa nakula chakula cha mchana nyuma ya matangi ya maji, mpaka namaliza shule."

Mwalimu Mkuu aliingia bandani mwenyewe, akamkamata Kiranja baada ya mizunguko mitatu isiyo na heshima, akaenda kumfungia bafuni. Daktari akamweka Bibi Harusi chini. Wale saba waliobaki wakageukageuka wakimtafuta wa kuanza, wasimwone, wakarudia pumba zao. Bibi Harusi alisimama pembeni kwa muda mrefu. Kisha akasogea, akadonoa punje moja, akainua kichwa kuangalia kama kuna atakayemjia, akadonoa ya pili.

Daktari alikuwa na ng'ombe anayemsubiri upande wa pili wa mji, lakini hakuondoka. Alisimama kwenye wavu, akamtazama yule kuku akila mpaka akashiba.

"Ilinipasa kumtoa yule," alisema Mwalimu, akiuambia wavu.

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu akangoja aongeze lile neno ambalo watu huongeza, kwamba yameshapita, kwamba haidhuru. Daktari akatundika begi begani, akasema atapita kesho kuangalia kidonda, akaenda zake.